Matuta ya Mlalo: Mlima Mmoja, Masomo Mawili

Wahenga wamesema: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya kijana mkaidi, na mazungumzo yakaishia hapo. Ni nadra kuulizwa swali linaloifuata: ulimwengu unapofunza, husema kwa lugha gani, na nani mwenye haki ya kuifasiri? Maana ulimwengu hauna kauli. Hunyesha mvua, hukausha kisima, huporomosha mlima, kisha hunyamaza. Somo hutungwa na binadamu, na watu wawili walioliona jambo moja siku moja waweza kuondoka na masomo mawili yasiyopatana.

Watu wa mwambao wanalijua hilo kwa njia yao. Washairi wa pwani na visiwa wamezoea kulichukua tukio la jana, iwe ni njaa, vita, msiba au kisa cha jirani, na kulitoa wasia wa kudumu. Wasomaji wa mashairi wanajua pia kuwa tukio lile lile limewahi kuwapa watunzi wawili nyenzo za kujibizana. Milimani nako kuna majibizano ya namna hiyo, ila hayakutungwa kwa vina na mizani. Yalitungwa kwa jembe. Mojawapo ni kisa cha matuta ya Mlalo, katika wilaya ya Lushoto, kilichoanza mwaka 1946 na ambacho hata leo hakijafungwa.

Msafiri anayetoka Tanga au Dar es Salaam kwenda Lushoto huiacha barabara kuu hapo Mombo, kwenye joto la nyika na mashamba ya mkonge, kisha hupanda kwa kona nyingi ukingoni mwa bonde, akapita Soni penye maporomoko ya maji, hadi afike mjini, mwendo wa kilomita thelathini na kitu. Hewa hubadilika kabla nguo hazijakauka jasho. Mlalo iko mbele zaidi, kaskazini, katika bonde pana lililozungukwa na vilima ambavyo vimelimwa tangu chini hadi karibu na vilele. Humo ndimo vinamoanzia baadhi ya vijito vinavyoulisha Mto Umba, na Umba huteremka nyika nzima hadi ukaingia baharini karibu na Vanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Wakati wa masika maji ya vijito hivyo huwa mekundu. Wekundu huo ni udongo wa shamba la mtu.

Juu ya wekundu huo ndipo palipotungwa masomo mawili.

Wasambaa hawakungoja mgeni awafundishe kuyasoma matukio. Katika lugha yao wana maneno mawili yanayobeba falsafa nzima ya maisha ya pamoja: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Nchi iliyoponywa hupata mvua kwa wakati wake, mazao huiva, watoto hukua, na ugomvi huamuliwa barazani. Nchi iliyoharibiwa huandamwa na ukame au gharika, njaa, maradhi na mapigano. Kwa hiyo mvua haikuwa habari ya mawingu peke yake. Ilikuwa pia habari ya utawala. Wingu lilipokataa kushuka, watu walimtazama mtawala na kuuliza amefanya nini, au ameacha kufanya nini.

Mizizi ya fikra hiyo imo katika kisa cha Mbegha, mwanzilishi wa ukoo wa Wakilindi waliotawala kutoka Vuga. Kisa hicho husimuliwa kuwa Mbegha alikuwa msasi kutoka Nguu, aliyefukuzwa na nduguze kwa sababu alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na misiba ya ukoo ikabandikwa kwake. Akatangatanga porini na mbwa wake, akiwinda nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba. Alipofika kwa watu wa milimani aliwapa nyama, nao wakampa chakula cha shambani. Akawaondolea nguruwe, akawaamulia mashauri, akaua simba. Ndipo wakampa utawala, na watawala wa Vuga wakaitwa Simba Mwene. Awe aliishi vivyo hivyo kama asemwavyo au la, mpangilio wa kisa una maana yake: huyu alitoa kabla ya kuomba, na aliyaokoa mashamba kabla ya kuyatawala.

Aliyetuhifadhia kisa hicho kwa Kiswahili ni mtu wa pwani, Abdallah bin Hemedi, ajulikanaye kwa nisba ya Ajjemi, aliyeishi miaka mingi katika utumishi wa Wakilindi. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilianza kupigwa chapa kwa sehemu katika misheni ya Magila, chini ya Usambara, mwaka 1895, na kikachapishwa tena mwaka 1962. Ni miongoni mwa kazi kubwa za nathari ya Kiswahili za wakati huo. Kimejaa vikao, safari, hila, viapo na vita, na humo mtu wa mwambao aweza kuona jinsi watu wa milimani walivyokuwa wakipima kila tendo la mkubwa: hili linaponya, hili linaharibu.

Kipimo hicho kilipata kazi ngumu katika nusu ya pili ya karne ya 19. Kimweri ye Nyumbai, ambaye mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena mwaka 1852, alikuwa na sauti hadi pwani, baina ya Tanga na Pangani, akigawana na Seyyid wa Zanzibar mamlaka juu ya madiwani wa huko. Alipofariki, mwanzoni mwa miaka ya 1860, nchi ikavunjika. Mjukuu wake Shekulwavu alikalia kiti cha Vuga, lakini mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara, alikuwa na bunduki na marafiki wa biashara. Wabondei wakaasi. Mateka wa vita hivyo wakateremshwa pwani na kuuzwa, na wengine wakavushwa kwenda visiwani kwenye mashamba ya mikarafuu. Hivyo baadhi ya watu wa visiwa wana babu zao katika vilima hivyo, hata kama majina yamepotea.

Wasambaa waliuita wakati wa namna ile kwa maneno yanayoeleweka hata kwa asiyejua Kisambaa: nguvu kwa nguvu. Waliona kuwa nguvu mbili zinaposhindana, mkulima hana mahali pa kusimama, na kwamba hapo ndipo nchi huharibika. Somo hilo lilipatikana kwa bei ya watu, na watoto wakalirithi.

Kisha wakaja Wajerumani. Mwaka 1895, baada ya kifo cha Semboja, walimnyonga mwanawe Mputa, aliyekuwa akitawala Vuga. Lushoto wakaifanya makao ya serikali na kuiita Wilhelmstal kwa jina la Kaisari wao. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Mashamba ya walowezi yalichukua sehemu ya ardhi, na misitu mikubwa ikawekewa mipaka ambayo mwanakijiji hakuruhusiwa kuivuka na jembe. Waingereza walipoichukua nchi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza waliirithi mipaka hiyo. Watu wakaongezeka, ardhi ya kulima haikuongezeka.

Ndani ya mashamba yenyewe palikuwa na mageuzi ya polepole. Chakula kikuu cha zamani cha Wasambaa kilikuwa ndizi. Mgomba hukaa miaka mingi mahali pamoja, huangusha majani yake chini, na kivuli chake huipokea mvua kwanza kabla udongo haujaipokea. Chini yake hustawi maharage na mimea mingine, kila mmoja kwa kimo chake. Katika kipindi cha ukoloni mahindi na mihogo vilizidi kuchukua nafasi ya ndizi. Mahindi hukomaa upesi, lakini huiacha ardhi wazi wakati wa kupanda, wakati ule ule mvua inapokuwa na hasira. Na wanaume wengi walikuwa wakishuka kwenda kufanya kazi kwenye mkonge ili wapate fedha za kodi. Jembe la nyumbani likabaki zaidi mikononi mwa wanawake.

Hiyo ndiyo hali waliyoikuta mabwana shamba wa serikali walipoyatazama maji mekundu ya Mlalo. Hawakuwa na macho mabaya. Waliona mifereji iliyochimbwa na maji katikati ya mashamba, wakaona udongo mwembamba juu ya mwamba, wakahesabu kwamba kama mambo yataendelea vile, wajukuu wa watu wale hawatakuwa na pa kupanda. Tena walikuja na hofu iliyotoka mbali: katika miaka ya 1930 vumbi la mashamba yaliyolimwa vibaya lilikuwa limetia giza majimbo ya kati ya Marekani, na maofisa wa kilimo katika makoloni ya Uingereza walilisoma tukio hilo kama onyo kwa dunia nzima. Wakaja Usambara na jibu mkononi.

Mwaka 1946 mpango wa kuirekebisha ardhi ukaanzishwa katika bonde la Mlalo, na baada ya miaka michache ukaenezwa sehemu nyingine za Usambara. Kila mwenye shamba alitakiwa kulitengeneza kwa matuta yaliyokatiza mteremko, na kati ya tuta na tuta pawekwe vikingamo, ili kila kisanduku cha udongo kishike maji yake. Miteremko mikali isilimwe mahindi wala maharage, bali ipandwe mazao ya kudumu au miti. Majani yasichomwe. Mifugo idhibitiwe. Asiyetii alishitakiwa na kutozwa faini, na waliotumwa kusimamia amri hizo walikuwa machifu na watu wao.

Hilo lilikuwa somo la kwanza, na kwa upande wa udongo lilikuwa na ukweli ndani yake.

Sasa na litazamwe somo la pili, la yule aliyeshika jembe. Mwanamke wa Mlalo aliamka alfajiri, akapika, akateka maji, akachuma kuni, akalima. Aliambiwa aongeze juu ya hayo kazi ya kuchimba matuta kwenye mlima, kazi iliyohitaji nguvu ya wanaume ambao wengi wao walikuwa kwenye mkonge. Alipochimba, udongo mzuri wa juu ulifukiwa na ule mbichi wa chini ukajitokeza juani. Nafasi ya mbegu ilipungua. Na katika mteremko mkali, mvua kubwa ilipojaza visanduku vile na kimoja kikapasuka, maji yaliyokuwa yamekusanywa yalitoka kwa pamoja, yakavunja la pili na la tatu, yakashuka na shamba. Bwana shamba alisema tuta halikujengwa sawasawa. Yeye aliona kwamba ameambiwa ayakusanye maji juu ya nyumba yake.

Palikuwa na jambo jingine ambalo halikuonekana kwa macho ya mgeni. Katika Usambara mtu asiye na shamba la kutosha huazimwa ardhi na mwenye nayo, apande mahindi au maharage, avune, na ardhi ibaki ya mwenyewe. Lakini mazao ya kudumu ni alama ya umiliki. Aliyeazimwa hapandi mti, maana akipanda atakuwa kana kwamba anadai shamba. Amri ya kupanda mazao ya kudumu kwenye miteremko ilimfikia maskini kama amri ya kufukuzwa. Mwenye ardhi angeirudisha ardhi yake, apande kahawa, na mwazimwaji abaki mikono mitupu. Juu ya hayo palikuwa na shaka kwamba ardhi ikishatengenezwa vizuri itachukuliwa na Wazungu. Shaka hiyo haikutoka hewani. Waliokuwa nayo walikuwa wameishi kuiona mipaka ya misitu na ya mashamba ya walowezi ikichorwa mbele yao.

Kwa hiyo watu wa Mlalo walipoyatazama maji mekundu hawakusema kwamba udongo haupotei. Walijua kuwa unapotea. Nani angejua zaidi? Walisema kwamba dawa inamwua mgonjwa maskini kwanza, na kwamba anayeileta hakuuliza maumivu yako wapi.

Fikra ya kuiponya nchi ikawaka upya. Hadi mwaka 1947 kiti cha Vuga kilikaliwa na Shebughe Magogo, aliyesifika kwa uwezo wa mvua. Aliyemfuata, Kimweri Mputa Magogo, alijikuta akitakiwa na serikali kusimamia matuta na wakati huo huo akitakiwa na watu wake kuleta mvua njema. Mvua zilipokosea wakati, wengi walilisoma tukio kwa alfabeti yao ya zamani: mtawala anayewasukuma wanawake mlimani kwa faini anaiharibu nchi, na mbingu zimeshuhudia. Msomi wa hali ya hewa atacheka. Lakini ndani ya kauli ile palikuwa na hukumu ya kisiasa iliyo nyoofu kabisa: mamlaka yasiyosikiliza hayawezi kuponya, hata yakiwa na jembe jema.

Upinzani ukakua, na wanawake walikuwa mstari wa mbele. Walikataa kuchimba, wakatozwa faini, wakakataa tena. Chama cha TANU kilipoundwa Julai 1954 na kufungua matawi milimani, kilikuta hasira iliyokwisha kuiva. Chuki ya matuta ilikijaza wanachama. Mlalo haikuwa peke yake. Nchini Kenya, mwaka 1947 na 1948, wanawake wa Murang'a waliikataa kazi ya lazima ya kuchimba matuta. Katika milima ya Uluguru, karibu na Morogoro, mpango kama ule ulileta ghasia mwezi Julai 1955, na mtu mmoja akauawa kwa risasi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango wa Usambara nao ulikuwa umeachwa. Uhuru ukaja Desemba 1961, na mwaka 1963 mamlaka ya machifu yakafutwa kisheria.

Hapa ndipo wasimulizi wengi hupenda kuweka nukta. Wananchi wameshinda, amri ya kikoloni imeanguka, somo limepatikana. Na ni kweli kwamba somo moja lilipatikana, tena kubwa: watu wasio na cheo, wengi wao hawakuwahi kukaa darasani, waliusoma mlima na utawala kwa pamoja kuliko waliokuwa na vitabu. Lakini mvua haikusikia habari za uhuru. Iliendelea kunyesha juu ya miteremko ya Mlalo kama ilivyonyesha kabla, na vijito viliendelea kuwa vyekundu.

Neno "matuta" lilikuwa limechafuka. Kwa muda mrefu baada ya hapo, mtaalamu aliyesimama mbele ya wanakijiji na kutaja kukinga maji alisikika kama mwangwi wa karani wa faini. Udongo ukawa jambo la aibu kulizungumza. Hasara ya amri mbaya ndiyo hiyo: huondoka na ukweli uliokuwa umefungwa ndani yake. Aliyelazimishwa kumeza dawa kwa kofi hukumbuka kofi, na siku atakapougua tena atakikataa kikombe hata kikiletwa na mwanawe.

Mwaka 1981 jaribio jingine lilianza Lushoto, mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo na kuendeleza kilimo mseto na miti, kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani, uliojulikana kwa kifupi cha Kiingereza, SECAP. Nao haukuwa bila makosa, na haukukubaliwa kila mahali. Lakini taratibu ulijifunza jambo ambalo mpango wa 1946 haukujifunza. Haukuweka tuta mbele, uliweka ng'ombe. Mkulima alishauriwa kupanda mistari ya majani, hasa ya guatemala, ikikatiza mteremko, pamoja na vichaka na miti. Majani yale hukatwa na kulishwa ng'ombe wa maziwa aliyefungwa bandani. Ng'ombe hutoa maziwa na samadi. Samadi hurudi shambani. Na mizizi ya majani, bila kutangaza, huushika udongo. Mwaka baada ya mwaka udongo unaoteremka hukwama nyuma ya mstari, na ngazi hujengeka yenyewe. Tuta lile lile lililochimbwa kwa faini sasa liliota kama lishe.

Kadhalika, wale wanaolima mboga kwa kumwagilia mabondeni, kabichi, karoti, nyanya na viazi vinavyopakiwa malori kwenda Tanga na Dar es Salaam, wamekata matuta ya ngazi kwa mikono yao. Hakuna aliyewaamuru. Shamba la ngazi hushika maji ya mfereji, mbolea haichukuliwi, na mavuno hulipa jasho katika msimu ule ule. Mtu mwenye uhakika wa shamba lake na wa soko lake huchimba ngazi usiku na mchana. Jembe ni lile, mlima ni ule. Kilichobadilika ni nani anayepata na lini anapata.

Anayekumbuka kisa cha Mbegha ataona kuwa hekima hiyo ilikuwa imekaa pale pale Usambara, katika masimulizi ya bibi na babu, kabla ya mtaalamu yeyote kufika. Msasi yule aliingia na nyama mkononi. Aliwaondolea watu nguruwe shambani, kisha wao wenyewe wakamwita. Mabwana shamba wa 1946 walikuwa na kitabu cha Abdallah bin Hemedi karibu nao, kimechapwa chini ya mlima huo huo, kwa lugha ambayo wengi wao walilazimika kuijua kwa kazi yao. Lakini walipotafuta onyo walilitafuta Marekani.

Haifai hata hivyo kukifanya kisa hiki kuwa hadithi ya wema na waovu. Laiti bwana shamba angekuwa mwongo mtupu, kazi ya historia ingekuwa nyepesi. Alikuwa mkweli kuhusu udongo na kipofu kuhusu watu. Na wanakijiji, waliokuwa na haki kuhusu watu, walilazimika kulipa baadaye kwa udongo. Ndiyo sababu somo linalochumwa katika tukio moja halipaswi kuchumwa na mtu mmoja. Mwenye kipimo cha mvua na mwenye jembe kila mmoja ameshika nusu ya fasiri, na nusu hizo hazikutani kwa amri.

Jambo hili si la mlimani peke yake. Mtu wa pwani anayefungua bomba mjini Tanga hunywa maji ya Mto Zigi, uliozaliwa katika misitu ya Usambara Mashariki. Udongo unaoteremka na Umba huishia baharini, na matope yanayofika pwani hayaulizi mpaka wa wilaya. Kizazi cha leo kimeona pia kwamba mlima waweza kusema kwa sauti kubwa. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua nzito, sehemu ya Mlima Hanang mkoani Manyara ilimeguka, na matope na mawe yakaushukia mji mdogo wa Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Sababu za Hanang si za Mlalo, na si haki kuwabebesha wafu makosa ya kilimo ili kupata mfano mzuri. Lakini baada ya kila msiba wa namna hiyo huanza ushindani wa kufasiri: wako wanaosema watu wahamishwe, wako wanaosema milima iachwe, wako wanaotaka sheria kali. Wachache huanza kwa kumuuliza anayeishi pale kwa nini anaishi pale, ameuona mlima ukibadilika vipi, na atakula nini akihama.

Matukio ya kila siku huvutia kwa sababu yanaonekana kuwa na wasia ulio tayari, kama tunda lililoiva linalongoja mkono. Kisa cha Mlalo kinaonya kwamba mkono unaochuma nao huhesabiwa. Wasia uliochumwa na mwenye nguvu na kulishwa asiye nazo hutapikwa, hata ukiwa mtamu. Na wasia uliotapikwa leo huenda ukahitajiwa kesho, wakati hakuna tena aliye tayari kuutamka.

Masika yanapofika, vijito vya Mlalo bado hubadilika rangi. Palipo na mstari wa majani mteremkoni maji hupita yamepungua wekundu. Pasipo nao huteremka kama yalivyoteremka mwaka 1946, yakielekea Umba, na kutoka Umba yakielekea bahari. Mama anayelima juu ya kijito anajua ni shamba la nani linalopita. Anajua pia ni nani mwenye ng'ombe wa kula majani, na ni nani aliyeazimwa shamba ambaye bado haruhusiwi kupanda mti.